Mazoezi na lishe: Nguzo mbili za mgonjwa wa Parkinson

UGONJWA wa Parkinson hauna tiba ya kuuondoa kabisa. Dawa zilizopo hupunguza makali ya dalili zake, lakini haziwezi kufufua seli za ubongo zilizokwisha kufa. Ndiyo maana wataalamu wa afya hutilia mkazo mambo mawili ambayo aghalabu hupuuzwa nyumbani, nayo ni mazoezi ya mwili na mpangilio wa chakula. Mambo haya hayachukui nafasi ya dawa. Huisaidia dawa kufanya kazi yake, humwezesha mgonjwa kujitegemea kwa muda mrefu zaidi, na humkinga na kuanguka, kupaliwa na kudhoofika, matatizo ambayo mara nyingi ndiyo huhatarisha maisha yake kuliko mtetemeko wenyewe.

Kwa bahati mbaya, familia nyingi hufanya kinyume bila kujua. Mzee akianza kutetemeka, hukalishwa kitini asije akaanguka, huletewa kila kitu mkononi, na dawa yake hupewa pamoja na gilasi ya maziwa ili apate nguvu. Nia huwa njema, lakini yote mawili humdhuru. Kukaa kitwa huikaza misuli na kumpunguzia uwezo wa kusimama imara, nayo maziwa huweza kuizuia dawa isifike ubongoni kwa wakati. Baada ya miezi michache jamaa husema dawa haifai, na wengine huiacha.

UGONJWA WENYEWE

Ugonjwa huu ulipewa jina la James Parkinson, daktari Mwingereza aliyeueleza katika kijitabu alichokichapisha jijini London mwaka wa 1817. Alizaliwa Aprili 11, 1755, na tarehe hiyo ndiyo huadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Parkinson Duniani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka wa 2019 zaidi ya watu milioni 8.5 kote ulimwenguni walikuwa wakiishi na ugonjwa huu.

Chanzo cha dalili ni kufa kwa seli zilizo katika eneo dogo lenye rangi nyeusi ndani ya shina la ubongo. Seli hizo hutengeneza kemikali iitwayo dopamini, ambayo husaidia ubongo kuongoza miondoko ya mwili. Dopamini inapopungua, miondoko huwa mizito. Dalili kuu ni mkono au mguu kutetemeka ukiwa umetulia, misuli kukakamaa, mwendo kuwa wa polepole, na baadaye mgonjwa kushindwa kujizuia anapopepesuka. Dalili nyingine hazionekani kwa macho. Kufunga choo, kupoteza uwezo wa kunusa, kupiga mateke na kupayuka usingizini, pamoja na huzuni ya muda mrefu, huweza kutangulia mtetemeko kwa miaka kadhaa.

Wengi wa wanaougua ni watu waliopita umri wa miaka 60, ingawa vijana pia huupata. Mwigizaji Michael J. Fox aligunduliwa kuwa nao mwaka wa 1991 akiwa na umri wa miaka 29. Bondia Muhammad Ali aligunduliwa mwaka wa 1984 na akaishi nao hadi alipofariki mwezi wa Juni 2016.

Katika eneo la Afrika Mashariki, wagonjwa wengi huishi bila kujua wanaugua nini. Utafiti uliofanywa katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro nchini Tanzania, na kuchapishwa mwaka wa 2008, uliwapata wagonjwa 33 miongoni mwa wakazi wapatao 161,000, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa na daktari kwamba wana Parkinson. Vijijini, dalili hizi huchukuliwa kuwa ni uzee, ulevi au hata kurogwa. Mgonjwa hufichwa nyumbani, na siku anapofikishwa hospitalini viungo huwa vimekwisha kukakamaa.

KAZI YA MAZOEZI

Dawa iliyo maarufu zaidi ni levodopa, ambayo hutolewa ikiwa imechanganywa na kabidopa au dawa inayofanana nayo. Levodopa ilianza kutumiwa kwa mafanikio mwishoni mwa miaka ya 1960, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Inapofika ubongoni hugeuka kuwa dopamini. Hata hivyo, levodopa haisaidii vyema kila dalili. Kupepesuka, kuanguka na sauti kufifia huenda vikaendelea hata mgonjwa akimeza vidonge ipasavyo. Hapo ndipo mazoezi yanapokuwa na nafasi ambayo kidonge hakiwezi kuijaza.

Ushahidi kuhusu jambo hili umekuwa ukiongezeka. Mwaka wa 2012 watafiti katika jimbo la Oregon, Marekani, walichapisha matokeo ya utafiti uliowahusisha wagonjwa 195. Waliofanya tai chi, mazoezi ya Kichina ya miondoko ya taratibu, mara mbili kwa wiki kwa muda wa miezi sita, walikuwa na usawa bora wa mwili na walianguka mara chache kuliko wale waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo pekee.

Mwaka wa 2018, utafiti mwingine wa Marekani uliwafuatilia watu 128 ambao ugonjwa wao ulikuwa umegunduliwa karibuni. Wale waliotumia mashine ya kukimbilia kwa kasi ya kuufanya moyo upige kwa nguvu hawakuzorota sana kwa kipindi cha miezi sita, ilhali wenzao ambao hawakupewa mazoezi hayo walizidi kudhoofika. Mwaka uliofuata, watafiti wa Uholanzi walitoa matokeo ya wagonjwa 130, ambapo kundi moja liliendesha baiskeli ya mazoezi nyumbani mara tatu kwa wiki, na kundi la pili likanyoosha viungo tu. Baada ya miezi sita, dalili za mwendo katika kundi la baiskeli zilikuwa zimebadilika kidogo sana, huku za kundi la pili zikiwa zimeongezeka.

Matokeo haya hayana maana kwamba mazoezi yamethibitishwa kuzuia seli za ubongo zisife. Yaliyothibitishwa ni kwamba mgonjwa anayejizoeza hutembea vizuri zaidi, huwa na nguvu zaidi, hulala vyema na hupungukiwa na huzuni. Kwa mtu anayetaka kuendelea kujifunga vifungo vya shati na kujiendea msalani, hilo si jambo dogo.

AINA NNE ZA MAZOEZI

Mwongozo uliotolewa mwaka wa 2021 na wakfu wa Parkinson wa Marekani, kwa ushirikiano na chuo cha madaktari wa michezo cha nchi hiyo, unagawa mazoezi katika mafungu manne.

La kwanza ni mazoezi ya moyo na mapafu, kama vile kutembea kwa kasi, kuendesha baiskeli au kuogelea, kwa dakika 30 angalau siku tatu kwa wiki. Kipimo rahisi ni kwamba mgonjwa aweze kuzungumza lakini ashindwe kuimba. Asiyeweza kumaliza dakika 30 kwa mfululizo anaweza kuzigawa mara tatu, dakika kumi kila mara.

La pili ni mazoezi ya kujenga misuli, siku mbili au tatu kwa wiki. Hayahitaji jumba la mazoezi. Kuinuka kitini na kuketi tena mara kumi bila kutumia mikono huimarisha mapaja, ambayo ndiyo humwezesha mtu kuinuka kitandani. Chupa mbili za nusu lita zilizojazwa maji zinatosha kuimarisha mikono.

La tatu ni mazoezi ya usawa wa mwili, siku mbili au tatu kwa wiki. Mgonjwa anaweza kusimama kwa mguu mmoja akiwa karibu na meza imara ya kushikilia, kutembea upandeupande, au kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Kucheza ngoma pia kumo katika fungu hili. Jijini New York, kundi la densi la Mark Morris limekuwa likiwafunza wagonjwa kucheza tangu mwaka wa 2001. Miondoko ya ngoma humlazimu mtu kugeuka, kusimama, kuanza upya na kufuata mdundo, mambo yale yale ambayo Parkinson huyavuruga.

La nne ni kunyoosha viungo, angalau siku mbili au tatu kwa wiki, na ikiwezekana kila siku. Parkinson humvuta mtu ainame mbele, mabega yakajikunja na shingo ikashuka. Kusimama ukutani huku kisogo, mabega na visigino vikigusa ukuta, kisha kuinua mikono juu polepole, husaidia kupambana na mwinamo huo.

Wakati bora wa kufanya mazoezi ni pale dawa inapokuwa imeanza kazi, jambo ambalo kwa wengi hutokea kama saa moja hivi baada ya kuimeza. Mwenye ugonjwa wa moyo, kisukari au shinikizo la damu hana budi kumwona daktari kwanza. Viatu viwe vya kufunika mguu na visivyoteleza, ndara hazifai.

Sauti nayo huhitaji mazoezi. Mgonjwa wa Parkinson hunong'ona akidhani anazungumza kwa sauti ya kawaida, na familia humkasirikia kwamba hataki kusikika. Kusoma gazeti kwa sauti ya juu kila siku, kuimba, na kutamka maneno kwa nguvu kuliko anavyoona inatosha, humsaidia kurejesha mazungumzo yake na wenzake.

KUKWAMA NA KUANGUKA

Baadhi ya wagonjwa hukwama ghafla, hasa mlangoni au wanapogeuka, miguu ikawa kana kwamba imegundishwa sakafuni. Kumvuta mgonjwa wakati huo ni hatari kwa sababu kiwiliwili hutangulia na miguu ikabaki nyuma. Njia iliyo bora ni kumwacha asimame kabisa, avute pumzi, ahamishe uzito kutoka mguu hadi mguu, kisha ahesabu "moja, mbili, tatu" na kupiga hatua kubwa. Wengine husaidika kwa kuruka mstari uliochorwa sakafuni au kwa kutembea wakifuata mdundo wa wimbo. Ubongo ulioshindwa kuanzisha mwendo wenyewe bado unaweza kuitikia ishara inayotoka nje.

Kuanguka huweza kuvunja nyonga, na mzee aliyevunjika nyonga huenda asitembee tena. Kwa hiyo mikeka na mazulia yanayoteleza yaondolewe njiani, taa iwekwe karibu na kitanda, na vyuma vya kushikilia vitiwe bafuni na msalani. Mgonjwa ageuke kwa kuzunguka polepole kwa hatua kadhaa badala ya kujipinda papo kwa papo, wala asitembee akiwa amebeba vitu kwa mikono miwili.

DAWA NA PROTINI

Hakuna chakula kinachotibu Parkinson. Lakini kuna chakula kinachoweza kuipinga dawa yake. Levodopa husafirishwa na wabebaji wale wale wanaobeba asidi amino, yaani vijenzi vya protini, kutoka utumboni kuingia katika damu, na kutoka katika damu kuingia ubongoni. Mgonjwa anapokula nyama, mayai, samaki, maharagwe au maziwa wakati ule ule wa kumeza dawa, protini na levodopa hugombania nafasi, na dawa huchelewa au hufika kidogo.

Kwa sababu hiyo, levodopa inafaa kumezwa kwa maji, nusu saa hadi saa moja kabla ya chakula, au angalau saa moja baada ya kula. Anayepatwa na kichefuchefu anaweza kula kitu kidogo kisicho na protini nyingi, kama vile ndizi au kipande cha kiazi kitamu. Vidonge vya kuongeza madini ya chuma pia hupunguza nguvu ya dawa hii, kwa hiyo vitenganishwe nayo kwa takriban saa mbili.

Si kila mgonjwa anayeathirika na protini. Tatizo huonekana zaidi kwa wale ambao wameishi na ugonjwa kwa miaka mingi na ambao dawa yao huisha nguvu kabla ya wakati wa kumeza nyingine. Kwa hao, hata chai ya maziwa ya asubuhi inaweza kuleta tofauti. Njia nzuri ya kujua ni kuandika kwa wiki mbili saa ya dawa, saa na aina ya chakula, na saa ambayo mwili ulilegea au kukakamaa. Karatasi hiyo humfaa daktari kuliko maelezo marefu.

Protini isiachwe. Mwenye Parkinson huihitaji ili misuli isinyauke. Kinachofanywa, kwa ushauri wa daktari au mtaalamu wa lishe, ni kuihamishia jioni. Asubuhi mgonjwa anaweza kunywa uji wa wimbi usio na maziwa na kula nduma au viazi vitamu pamoja na papai. Mchana ale ugali au wali kwa mboga kama sukuma wiki, mchicha au managu. Jioni ndipo apate samaki, kuku, mayai, ndengu au maharagwe, wakati ambapo shughuli zake ni chache na kuchelewa kwa dawa hakutamzuia kufanya kazi.

TUMBO, KUMEZA NA UZITO

Parkinson huufanya utumbo uende polepole. Kufunga choo si kero tu, kwani dawa inayokaa tumboni kwa muda mrefu huchelewa kufika utumbo mwembamba inakofyonzwa. Mboga za majani, matunda, nafaka zisizokobolewa na maji ya kutosha, gilasi sita hadi nane kwa siku, husaidia. Wenye ugonjwa wa moyo au figo wafuate kiasi walichopangiwa na daktari. Kutembea pia huuamsha utumbo.

Misuli ya koo nayo hulegea. Kukohoa wakati wa kula, sauti inayosikika kana kwamba kuna maji kooni, na chakula kubaki mdomoni ni dalili za hatari, kwa kuwa chakula kikiingia mapafuni huleta nimonia, mojawapo ya sababu kuu za vifo vya wagonjwa hawa. Mgonjwa ale akiwa ameketi wima, matonge yawe madogo, asizungumze huku anatafuna, na asilale hadi nusu saa ipite. Vyakula vikavu na vya kumomonyoka hulainishwa kwa mchuzi.

Wengi hukonda. Mtetemeko na ukakamavu hula nguvu nyingi, harufu ya chakula haisikiki, na kula huchukua muda mrefu hadi chakula kikapoa. Milo midogo mitano kwa siku hufaa kuliko mitatu mikubwa, na parachichi au mafuta kidogo katika mboga huongeza nguvu bila kuongeza protini nyingi. Uzito upimwe kila mwezi. Mifupa nayo huhitaji madini ya kalsiamu na vitamini D. Jua la asubuhi, mboga za majani, na omena wanaoliwa wazima jioni husaidia.

Baadhi ya wagonjwa huona kizunguzungu wanapoinuka kwa kuwa shinikizo la damu hushuka ghafla. Wanashauriwa kuketi ukingoni mwa kitanda kwa dakika moja au mbili kabla ya kusimama, kunywa maji ya kutosha na kuepuka pombe.

TAHADHARI KUHUSU UPUPU NA VIDONGE VYA NGUVU

Mbegu za upupu, mmea unaojulikana kwa manyoya yake yanayowasha, zina levodopa ya asili. Aina isiyowasha ya mmea huu hupandwa na baadhi ya wakulima ili kurutubisha udongo. Matabibu wa jadi nchini India wametumia mbegu hizo kwa muda mrefu, na mwaka wa 2017 yalichapishwa matokeo ya jaribio dogo lililofanywa kwa wagonjwa 18 nchini Bolivia, yaliyoonyesha kuwa unga wake unaweza kulegeza mwili kama dawa ya kawaida.

Lakini hilo si ruhusa ya kujitibu. Kiasi cha levodopa hutofautiana kutoka mbegu hadi mbegu, na unga huo hauna kabidopa ya kupunguza kutapika. Anayeuchanganya na vidonge vya hospitali huweza kuzidisha dozi, akapatwa na njozi au miondoko ya mwili asiyoweza kuizuia. Kabla ya kuonja upupu, daktari aarifiwe.

Vidonge vinavyouzwa kwa madai ya kurejesha ubongo navyo vitazamwe kwa jicho kali. Vitamini E, kreatini na koenzaimu Q10 vyote vilijaribiwa katika tafiti kubwa, ambazo matokeo yake yalitolewa miaka ya 1993, 2015 na 2014 mtawalia, na hakuna kilichopunguza kasi ya ugonjwa. Fedha zinazotumiwa kuvinunua zingemfaa zaidi mgonjwa katika kununua dawa yake ya kila siku bila kukatiza.

WAJIBU WA JAMAA

Kuacha dawa ghafla ni hatari kubwa. Mwili unaweza kukakamaa vikali, joto likapanda na maisha yakawa hatarini. Dawa zinapokaribia kuisha, jamaa watafute nyingine mapema, na mgonjwa akilazwa hospitalini kwa sababu nyingine yoyote, wauguzi waelezwe saa zake kamili za kumeza dawa.

Nyumbani, msaada ulio bora ni kumpa mgonjwa muda badala ya kumfanyia kila kitu. Akichukua dakika kumi kuvaa shati, dakika hizo ni mazoezi. Akitaka kuchuma mboga bustanini au kwenda kanisani au msikitini kwa miguu, aandamane na mtu, asizuiwe.

Apelekwe kwa daktari bila kukawia iwapo ameanguka zaidi ya mara moja, anapaliwa mara kwa mara, amepungua uzito bila sababu, anaona vitu visivyokuwapo, au dawa haimfikishi tena saa ya dozi inayofuata. Mara nyingi kubadilisha saa za dawa, kupanga upya chakula cha siku na kuonana na mtaalamu wa tiba ya viungo hutosha kumrudishia uwezo ambao familia ilikuwa imekata tamaa kuuona tena.